Fani na Maudhui katika Nakshi za Tindikali za Ufaransa: Mfano wa "Mlo Haba"

Utangulizi

Ni kawaida kwa wanafunzi wa fasihi kutaja "utabaka" na "umaskini" chini ya maudhui, kisha kuorodhesha tamathali chini ya fani, kana kwamba mawili hayo hayajuani. Makala haya yanatumia nakshi za tindikali zilizochorwa jijini Paris karibu na mwanzo wa karne ya 20 kuonyesha kwamba fani yenyewe inaweza kuwa ushahidi wa hali ya tabaka la chini.

Mbinu

Msanii hupaka bamba la shaba au zinki nta isiyopenywa na tindikali, kisha huchora kwa sindano. Bamba likitumbukizwa katika tindikali, chuma hulika pale tu nta ilipokwanguliwa. Kadiri linavyokaa ndimo ndivyo mistari inavyozama na kuwa myeusi zaidi. Hatimaye wino husuguliwa ndani ya mistari, uso ukapanguswa, na karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake kwa mtambo. Bamba moja hutoa nakala nyingi. Hivyo picha huweza kuwafikia watu wengi kuliko mchoro wa rangi ulio mmoja tu.

Uchambuzi

Théophile Steinlen, mzawa wa Uswisi aliyeishi Montmartre, alitoa mwaka 1898 nakshi ya rangi iitwayo "Les Blanchisseuses reportant l'ouvrage", yaani "Madobi Wakirudisha Kazi". Jina halitaji nguo. Kwa mteja, mzigo ule ni nguo safi. Kwa dobi, ni kazi. Uteuzi huo wa neno moja unamweka msomaji upande wa mbebaji.

Mwaka 1904 Pablo Picasso, Mhispania aliyehamia Paris, alichora "Le Repas frugal", yaani "Mlo Haba". Mwanamume na mwanamke waliokonda wameketi mezani. Mbele yao mna chupa, mkate kidogo na sahani tupu. Mwanamume, anayeelekea kuwa kipofu, amemkumbatia mwenziwe huku uso ameugeuzia kando. Mwanamke anamtazama mtazamaji. Vidole vyao ni virefu kupita kiasi. Chumvi hiyo haikutiwa kwa urembo: mikono inagusana pale ambapo macho hayakutani. Njaa haijaondoa upendo, wala upendo haujashibisha mtu.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni bamba lenyewe. Kwa uhaba wa fedha, Picasso alitumia bamba la zinki ambalo msanii mwingine alikuwa amelichorea mandhari. Alilikwangua, lakini mabaki ya mandhari hayo yangali yanaonekana katika nakala. Ufukara, basi, haumo katika mada tu. Umo katika chuma kilichoichukua mada hiyo. Mhakiki atakayetenganisha fani na maudhui hapa hataliona hilo.

Hata hivyo, wingi wa nakala haukuhakikisha kwamba sanaa hii ingebaki mikononi mwa watu wa kawaida. Nakala za 1904 zilikuwa chache. Mwaka 1913 mfanyabiashara Ambroise Vollard aliimarisha bamba kwa utando wa chuma cha pua na kuchapisha nakala 250. Mnamo Machi 2022, nakala moja ya awali iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 6. Meza ya wenye njaa imekuwa hazina ya matajiri.

Hitimisho

Imebainika kwamba tindikali, sindano na bamba lililotumika si vyombo vya kuwasilishia ujumbe tu, bali ni sehemu ya ujumbe. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayechambua shairi au riwaya hana budi kujiuliza si tu kazi inasema nini kuhusu wanyonge, bali pia imeundwa kwa nini, na inaishia mikononi mwa nani. Swali hilo la mwisho ndilo zito, kwani kazi inaweza kuwasema wanyonge kwa dhati na bado isiwafikie.