Bei ya Moshi, Bei ya Stima: Biashara ya Kaboni na Umeme Wetu

SOMO LA TOLEO HILI

Kaunti yetu ya Nakuru ndiyo kitovu cha umeme wa mvuke nchini. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981, na leo visima vya Olkaria na Menengai vinawasha taa mbali sana na hapa. Tangu biashara ya hewa ya kaboni ianze kuzungumzwa kila mahali, wakazi wamekuwa na maswali matatu. Je, biashara hii itapunguza bili ya stima? Je, italeta mitambo mipya na ajira? Na je, kuna fedha ambazo jamii inastahili kupata?

Somo hili linajibu maswali hayo hatua kwa hatua. Tutaanza ng'ambo, ambako biashara hii imegusa bei ya umeme moja kwa moja, kisha turudi nyumbani.

1. Biashara ya kaboni ni nini?

Kuna biashara mbili ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya vibali. Serikali huweka kikomo cha moshi ambao mitambo na viwanda vyote kwa pamoja vinaruhusiwa kutoa kwa mwaka. Kisha hutoa vibali, kila kimoja kikiwa cha tani moja ya hewa ya kaboni. Mwenye mtambo anayetoa tani elfu kumi lazima arudishe vibali elfu kumi. Akipungukiwa, ananunua kwa mwenzake, akibakiwa, anauza. Umoja wa Ulaya ulianzisha soko la namna hii mwaka 2005. Majimbo kadhaa ya kaskazini-mashariki mwa Marekani yalianza lao la mitambo ya umeme mwaka 2009. China nayo ilizindua soko lake la kitaifa Julai 2021, ikianza na mitambo ya umeme.

Ya pili ni ya kredi za miradi. Hapa hakuna kikomo. Mtu anaanzisha mradi unaopunguza moshi, kwa mfano kuchimba mvuke badala ya kuchoma mafuta. Wakaguzi hupima tani zilizookolewa, na kila tani huwa kredi moja inayoweza kuuzwa. Kenya imo katika biashara hii ya pili. Kufikia sasa hatuna soko la vibali linalobana mitambo yetu ya umeme.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa somo zima. Biashara ya vibali hubadilisha bei ya umeme. Biashara ya kredi humwongezea mwenye mradi mapato.

2. Kibali kinavyopandisha na kupangua bei ya umeme

Katika masoko mengi ya Ulaya, mitambo hushindana kila siku kuuza umeme. Wenye gharama ndogo ya uendeshaji huitwa kwanza, kisha anayefuata, hadi mahitaji yatimie. Mtambo wa mwisho kuitwa ndio unaoweka bei, na wote walioitwa hulipwa bei hiyo.

Tuchukue mfano wa kufikirika kwa shilingi. Kuzalisha uniti 1,000 kwa makaa ya mawe kunagharimu Sh4,000 za mafuta na kutoa takriban tani moja ya kaboni. Kwa gesi kunagharimu Sh7,000, lakini hutoa kama tani 0.4 tu.

Bila bei ya kaboni: makaa Sh4,000, gesi Sh7,000. Makaa yanaitwa kwanza.

Kibali kikiwa Sh1,000 kwa tani: makaa Sh5,000, gesi Sh7,400. Makaa bado yako mbele.

Kibali kikiwa Sh5,000: makaa Sh9,000, gesi Sh9,000. Wako sawa.

Kibali kikiwa Sh8,000: makaa Sh12,000, gesi Sh10,200. Sasa gesi inaitwa kwanza, na makaa yanasubiri siku ya mahitaji makubwa.

Hakuna aliyevunja mtambo wowote, wala hakuna sheria iliyopiga makaa marufuku. Bei ya moshi peke yake imebadilisha foleni.

Sasa mtazame mwenye upepo au mvuke. Yeye hanunui mafuta wala kibali. Siku ambayo mitambo yote miwili inahitajika, bila bei ya kaboni angelipwa Sh7,000. Kibali kikiwa Sh8,000, analipwa Sh12,000. Zile Sh5,000 za ziada ndizo zinazomvutia mwekezaji kujenga mtambo safi.

Lakini zinatoka wapi? Kwa mteja. Hili lazima lisemwe wazi: pale mitambo ya moshi inapoweka bei, biashara ya vibali hupandisha bei ya umeme, angalau kwa kipindi hadi mitambo safi iwe mingi.

Ulaya ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo, kampuni za umeme zilipewa vibali vingi bure, na wengi walidhani bei ya umeme haitaguswa. Ilipanda hata hivyo. Sababu yake mkulima yeyote anaielewa. Ukipewa gunia la mahindi bure na ndugu yako, hutaliuza kwa bei ya chini ya soko, kwa sababu gunia hilo lina thamani yake. Kampuni ziliona vivyo hivyo: kibali nikikitumia, nimekosa kukiuza. Zikaweka thamani hiyo kwenye bei, zikapata faida kubwa bila jasho. Kuanzia mwaka 2013, kampuni nyingi za umeme barani humo zimelazimika kununua vibali kwa mnada, na fedha huingia serikalini, ambako zinaweza kurudishwa kwa wananchi au kujenga miradi mingine.

3. Kwa nini mwekezaji huogopa bei inayoyumba

Mtambo wa umeme hujengwa kwa miaka thelathini au zaidi. Mwenye fedha hatazami bei ya leo peke yake. Anauliza bei ya miaka ishirini ijayo.

Hapo ndipo soko la Ulaya liliyumba. Vibali vya awamu ya kwanza vilikuwa vingi kuliko moshi, na mwaka 2007 bei yake ilishuka karibu na sufuri. Msukosuko wa kifedha wa 2008 ulipunguza kazi viwandani, vibali vikabaki tele, na mwaka 2013 kuna wakati kibali kiliuzwa chini ya yuro 5. Kwa bei hiyo, makaa hayatishiki. Kuanzia Januari 2019, Ulaya ilianza kuondoa vibali vya ziada sokoni na kuviweka akiba. Bei ilipanda, na Februari 2023 ikapita yuro 100.

Uingereza haikusubiri. Mwaka 2013 iliongeza kodi yake juu ya bei ya kibali ili mitambo ya makaa na gesi isiwahi kulipa bei ya chini mno. Mwaka 2012 makaa yalikuwa yakitoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo. Tarehe 30 Septemba 2024, mtambo wake wa mwisho wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, ulifungwa. Kodi hiyo haikufanya kazi peke yake. Ruzuku kwa upepo na sheria za hewa safi zilichangia pia. Funzo ni hili: bei ya kaboni hujenga mitambo mipya pale tu mwekezaji anapoamini kwamba itadumu.

4. Na bili yetu je?

Kenya haina soko la kila siku la umeme kama la Ulaya. Kenya Power hununua umeme kwa mikataba ya muda mrefu inayoidhinishwa na mamlaka ya EPRA. Kwa hiyo bei ya kibali cha Ulaya haiingii kwenye tokeni yako. Kinachopandisha na kushusha bili mwezi hadi mwezi ni vitu kama gharama ya mafuta ya mitambo inayochoma mafuta mazito na mabadiliko ya thamani ya shilingi. Mvua ikikosekana na mabwawa yakapungua, mitambo ya mafuta hufanya kazi zaidi, na gharama hiyo huonekana kwenye bili. Mvuke wa Olkaria hausubiri mvua, na hapo ndipo unapomsaidia mteja, hata bila kredi moja kuuzwa.

Kuhusu kredi, Kenya ina historia. Chini ya Itifaki ya Kyoto ya 1997, miradi ya umeme kama upanuzi wa Olkaria II, umeme wa makapi ya miwa kule Mumias na upepo wa Turkana ilisajiliwa ili kupata kredi. Mnunuzi mkubwa alikuwa soko la Ulaya. Mwaka 2008 kuna wakati kredi moja iliuzwa zaidi ya yuro 20. Mwisho wa 2012 ilikuwa chini ya yuro moja. Tena Ulaya iliamua kwamba miradi itakayosajiliwa baada ya 2012 ikubaliwe tu ikiwa inatoka nchi zenye maendeleo duni zaidi. Uganda na Tanzania zimo katika orodha hiyo, Kenya haimo. Aliyepanga mradi wake akitegemea fedha hizo alibaki na hesabu isiyofunga.

Kuna jambo lingine linaloshangaza wengi. Kredi huhesabiwa kwa moshi uliookolewa. Mtambo wa mvuke ukijengwa katika nchi inayotegemea makaa, kila uniti inaokoa moshi mwingi. Lakini hapa Kenya takriban uniti tisa kati ya kumi tayari zinatoka vyanzo safi, na mvuke pekee hutoa zaidi ya uniti nne katika kila kumi. Kwa kuwa umeme wetu tayari ni safi, mtambo mpya hauondoi moshi mwingi, hivyo kredi zake ni chache. Wakaguzi huuliza pia: mtambo huu ungejengwa hata bila fedha za kaboni? Jibu likiwa ndiyo, kredi haipaswi kutolewa.

Hivyo basi, fedha za kaboni kwa mitambo ya umeme hapa kwetu ni nyongeza. Hazibebi mradi. Kinachobeba mradi ni mkataba wa kuuza umeme, mkopo wa bei nafuu na fedha za umma zinazolipia hatari ya kuchimba visima, maana kisima kinaweza kuchimbwa kwa gharama kubwa na kisitoe mvuke wa kutosha.

Wauzaji wa maua wa Naivasha nao huuliza kuhusu ushuru mpya wa kaboni wa Ulaya mipakani. Ushuru huo unahusu saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na hidrojeni. Maua hayamo.

5. Haki ya jamii

Usichanganye mrabaha wa mvuke na fedha za kaboni. Ni mifuko miwili.

Mrabaha uko katika Sheria ya Kawi ya 2019. Mwenye leseni hulipa asilimia 1 hadi 2.5 ya thamani ya nishati ya mvuke kwa miaka kumi ya kwanza, na asilimia 2 hadi 5 baadaye. Sheria hiyo inagawa mrabaha hivi: serikali ya kitaifa asilimia 75, kaunti asilimia 20, na jamii ya eneo asilimia 5.

Fedha za kaboni ziko chini ya marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi na kanuni za 2024. Mradi unaotegemea ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya gharama za biashara kuondolewa. Kwa miradi isiyotegemea ardhi ni asilimia 25. Serikali ya kitaifa na ya kaunti zina wajibu wa kusimamia mazungumzo ya mkataba huo. NEMA ndiyo mamlaka iliyoteuliwa kushughulikia miradi hii, na kuna sajili ya kitaifa ya kaboni.

Haki hizi zina sababu. Wakazi waliohamishwa mwaka 2014 kupisha mradi wa Olkaria IV walipeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi usuluhishi ufanyike hadi makubaliano yakapatikana mwaka 2016. Umeme kuwa safi hakumaanishi kwamba kila jambo limefanyika kwa haki.

Kabla jamii haijatia sahihi mkataba wowote wa kaboni, iulize:

• Je, mradi unajulikana na NEMA, na barua iko wapi?
• Ni nini kinahesabiwa kuwa "gharama za biashara"? Asilimia 40 ya kilichobaki ni kidogo ikiwa gharama zimefurishwa.
• Bei ya kredi ikishuka, jamii itapata nini?
• Mkataba ni wa miaka mingapi, na ardhi itatumika vipi wakati huo?
• Kredi zikiuzwa nchi nyingine kwa idhini ya serikali, Kenya haiwezi kuzihesabu tena kuwa zake. Ng'ombe mmoja hauzwi mara mbili. Je, zimeuzwa kwa nani?
• Nani anaweka daftari la hesabu, na mwananchi wa kawaida anaweza kulisoma?

Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA BARAZA

1. Katika mfano wa makaa na gesi, ingekuwaje kama kibali kingekuwa Sh3,000 kwa tani? Nani angeitwa kwanza?
2. Kwa nini kampuni iliyopewa kibali bure bado hupandisha bei?
3. Taja tofauti mbili kati ya mrabaha wa mvuke na fedha za kaboni.
4. Je, jamii ikubali kulipwa kwa kiasi maalumu kila mwaka au kwa asilimia ya mapato? Kila njia ina hatari gani?

Jibu la swali la kwanza: makaa Sh7,000, gesi Sh8,200. Makaa bado yangeitwa kwanza.

Ukiletewa mkataba wa kaboni, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Upeleke kwanza kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya mazingira ya kaunti, usomwe kwa lugha ambayo kila mwanajamii anaielewa.