SOMO: TUNAPOPOKEA VITU VYA KUCHEZEA



Watoto wa Mbweni hujitengenezea vingalawa na kuvishindanisha maji yakijaa. Wanapenda pia Barbie na magari ya Hot Wheels yanayoletwa kwenye masanduku ya msaada. Yote ni ya Mattel, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1945.

Mwaka 2007 Mattel ilitangaza vitu vyake mamilioni virudishwe. Baadhi vilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Vingine vilikuwa na visumaku vinavyoweza kuchomoka. Mtoto akimeza viwili, huvutana tumboni na kutoboa utumbo.

Mnunuzi wa dukani huweza kurudisha. Sanduku la mitumba halina risiti, na tangazo la namna hiyo halilifuati hadi usharikani. Kwa hiyo kamati zikague kabla ya kugawa. Chenye rangi inayobanduka au sumaku iliyolegea kitengwe. Asipewe jirani, wala kisichomwe.

Wafadhili, tunawashukuru, ila tuulizeni kwanza. Nauli ya sanduku moja ingemlipa seremala wa hapa atuchongee vitu vya mbao, visivyopakwa rangi.