Nafasi Mbili za Kidato cha Tatu: Dini, Kiarabu au Ufundi?

 

 Somo letu la leo ni jambo ambalo sisi wa chuo kikuu tunadhani limeshatupita: masomo ya hiari ya sekondari, hasa yale ya ufundi na kazi za mikono. Halijatupita. Wadogo zetu wako huko, na likizo ikifika sisi ndio tunaoulizwa nyumbani, "Kaka, nichague nini?" Mara nyingi tunajibu bila kufikiri.

Tuanze na hesabu, maana tatizo lote limo ndani ya hesabu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini hapa Uganda ulianza Februari 2020, wiki chache kabla shule hazijafungwa kwa sababu ya korona, na kundi lake la kwanza lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Kidato cha kwanza na cha pili mwanafunzi husoma masomo 12: 11 ya lazima na moja la hiari. Katika yale ya lazima imo Elimu ya Dini, kwetu ikiwa ni Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kimo pia Kiswahili, jambo ambalo wasomaji wa jarida hili hatuna sababu ya kulinung'unikia.

Akifika kidato cha tatu mambo hubadilika. Masomo ya lazima hubaki 7: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia, na Historia na Elimu ya Siasa. Jumla haizidi 9. Kwa hiyo zinabaki nafasi mbili tu. Elimu ya Dini imeshatoka kwenye lazima ikaingia kwenye hiari, na hapo inagombea nafasi na Kiarabu, Fasihi, Kilimo, TEHAMA, Lishe na Teknolojia ya Chakula, Sanaa na Usanifu, Teknolojia na Usanifu, Ujasiriamali na mengineyo.

Sasa chukua shule yenye msingi wa Kiislamu inayosema kila Mwislamu lazima asome Dini, na kila Mwislamu lazima asome Kiarabu. Moja na moja ni mbili. Nafasi zimekwisha! Mtoto huyo atamaliza kidato cha nne hajawahi kushika randa, hajapanda hata mche mmoja kwa ajili ya mradi, wala hajajifunza kuhifadhi chakula kisioze. Jirani yake wa shule nyingine amefanya hayo, na mtaala unampa pia njia ya kupimwa kazi yake na kupata cheti cha ufundi cha kiwango cha kwanza, mbali na cheti cha kawaida cha mtihani wa taifa. Yule ambaye karo ya kidato cha tano haikupatikana, na tunawajua wengi, ana pa kuanzia. Wetu ana nini?

Najua atakayesema: wewe unasoma masomo ya Kiislamu, inakuwaje uwatoe watoto kwenye Dini? Siwatoi. Lakini tuliangalie suala hili kwa elimu yetu wenyewe.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika kitabu cha elimu kinachofungua Ihya Ulum al-Din, aligawa elimu ya faradhi mafungu mawili: faradhi ya kila mtu na faradhi ya kutoshelezana. Katika fungu la pili aliweka utabibu na hesabu, kisha akaongeza kazi za msingi kama ukulima, ufumaji na ushonaji. Hata kupiga chuku alikutaja, akieleza kuwa mji usipokuwa na mpiga chuku watu wake wako hatarini. Tena alilalamika kwamba miji ya zama zake ilijaa watu wanaokimbilia fiqhi na mijadala, huku matabibu wakiwa ni watu wa dini nyingine tu. Alikuwa mwanafiqhi mkubwa, na lawama hiyo aliielekeza kwa wanafiqhi wenzake.

Maana ya faradhi ya kutoshelezana tunaifahamu vizuri kwenye maziti. Maiti asipopatikana wa kumwosha, mji mzima umepata dhambi. Kwenye umeme, mabomba na useremala tunaisahau. Ukumbi wa msikiti ukihitaji kuwekewa nyaya tunamwita fundi yeyote na kumlipa, na hakuna ubaya, lakini hakuna anayejiuliza kwa nini katika safu tano za wanaoswali hakuna hata mmoja anayeijua kazi hiyo.

Manabii nao walikuwa na kazi za mikono. Surat Saba, aya ya 10 na 11, zinaeleza jinsi Daud (a.s.) alivyolainishiwa chuma na kuamrishwa atengeneze deraya na apime pete zake kwa kipimo. Tazameni hapo: amri ya kupima sawasawa imo ndani ya Qur'ani, na hilo ni somo la karakana. Zakaria (a.s.) alikuwa seremala, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi Makka. Na kwa dada zetu wanaoambiwa karakana si mahali pao, Mama wa Waumini Zaynab bint Jahsh (r.a.) alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka katika kipato hicho. Baadaye mwanafiqhi wa Kihanafi al-Khassaf, aliyefariki mwaka 261 Hijria na kuandika juu ya hukumu za wakfu, alijulikana kwa jina la kazi iliyomlisha, yaani kushona viatu.

Kwa hiyo mimi naona hivi: kati ya nafasi mbili, moja iwe ya Dini na nyingine iwe ya ufundi. Kiarabu kisomwe madrasa jioni na mwisho wa juma, isipokuwa kwa yule ambaye tayari ameonyesha anaelekea kwenye masomo ya sharia. Huyo aachiwe Dini na Kiarabu chake. Madrasa inaweza kufundisha sarfu. Haiwezi kufundisha kuchomelea vyuma.

Tena Dini na ufundi vikisomwa pamoja vinasaidiana kuliko tunavyodhani. Mfano ni huu. Mteja anakwenda kwa seremala kuagiza kitanda ambacho bado hakijatengenezwa, anatoa nusu ya bei, nusu nyingine atalipa akikichukua. Ndivyo biashara inavyokwenda mtaani. Wahanafi wanauita mkataba huu istisnaa na wameujuzisha kwa haja na desturi ya watu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, agizo la namna hiyo linarudishwa kwenye mkataba wa salam, na salam inataka bei yote ilipwe kwenye kikao cha makubaliano. Je, fundi wetu wa Kishafi afanyeje na malipo ya nusu? Na fundi cherehani akiharibu kitambaa cha mteja, nani analipa? Imepokewa kwamba Ali (r.a.) alikuwa akiwadhaminisha mafundi mali za watu zilizo mikononi mwao, na wanazuoni wamelijadili kwa urefu. Mwanafunzi mwenye cherehani mbele yake atalielewa darasa hilo kwa dakika kumi. Sisi tulilikariri kwa ajili ya mtihani. Wallahu aalam.

Kuna hofu za wazazi ambazo si za kudharauliwa. Wapo wanaoogopa Kilimo kwa sababu ya ufugaji wa nguruwe, na Lishe kwa sababu ya jikoni la shule. Mzazi azungumze na mwalimu mapema ili mradi wa mtoto uwe wa kuku, kahawa au mboga. Hofu ya vifaa ni nzito zaidi. Shule isiyo na karakana huishia kwenye masomo yanayohitaji chaki tu, na benchi la kazi lenye jiliwa, misumeno na nyundo halinunuliwi kwa dua peke yake. Hapa wakfu unahusika. Tunachangia mazulia ya misikiti kila mwaka. Seti ya vifaa vya useremala nayo ni sadaka yenye kuendelea.

Kwa jumuiya yetu, ziara za daawa mashuleni tunazifanya tayari. Ziara ya muhula wa tatu iwalenge wanafunzi wa kidato cha pili, kwa sababu wao ndio wanaokaribia kuchagua. Tusiende wahubiri watupu. Aende na ndugu wa uhandisi, dada wa kilimo, na mmoja wetu wa sharia, wakae na watoto saa nzima wakijibu maswali. Kabla ya kuondoka wamwombe mwalimu mkuu orodha ya masomo ya hiari ambayo shule inayatoa kweli, wala si yaliyoandikwa ukutani, na waulize nani anayachagua: mtoto, mzazi au shule. Majibu yaletwe kwa katibu wa elimu, ili tujue shule ipi ianze kupelekewa vifaa.