Somo: Kumwuliza Mtu Kama Kitu Chake ni cha Asli

Wahenga wamesema kwamba kuuliza si ujinga, na kweli wamesema, kwani elimu yote hufunguliwa kwa swali. Lakini baadhi yetu wameichukua kauli hii wakaifanya ngao. Mtu hutaka kumwaibisha mwenziwe, humwuliza mbele za watu, na akilaumiwa husema, "Kwani kuuliza ni vibaya?" Leo twataka kulitazama swali moja katika maswali ya namna hiyo, kwa kuwa limeenea sana katika arusi na mikutano yetu.

Dada mmoja wa darasa letu ametuletea mas'ala haya. Kakake alimletea mkoba kutoka Dubai, wenye alama ya nyumba mashuhuri ya Ufaransa, naye akauchukua siku ya arusi ya jirani. Alipokwisha kuketi, bibi mmoja aliutwaa, akaugeuza, akaufungua akatazama bitana yake, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Shoga, mkoba huu ni orijino ama ni feki?" Wengine wakacheka. Yule dada, kwa haya iliyomshika, akajibu kuwa ni wa asli, na kwamba kakake aliununua katika duka la wenyewe. Na hali hajui ulinunuliwa wapi. Atuambia kuwa usiku ule kilichomkosesha usingizi si kile kicheko, bali ni ule uwongo. Na mkoba aliokuwa akiufurahia ameutia kabatini, hautoki tena. Auliza: Je, nimedhulumiwa, au nimekosa?

Jawabu letu ni kwamba yote mawili yamekuwa, nasi tutayaeleza moja moja.

Kwanza, tukijue kitu chenyewe. Nyumba ya Louis Vuitton ilianzishwa mjini Paris mwaka 1854, kwa kutengeneza masanduku ya safari. Waigaji walimsumbua hata mwaka 1896 mwanawe, Georges, akatoa kitambaa chenye herufi L na V pamoja na maua, ili asli ipambanuke na bandia. Alama ile iliyowekwa kuzuia uigaji leo ni miongoni mwa alama ziigwazo mno duniani. Na mkoba wa Birkin wa nyumba ya Hermès, uliotoka mwaka 1984 ukapewa jina la msanii Jane Birkin, leo bei yake dukani hupita shilingi milioni moja za Kenya. Penye bei kama hizi waigaji hawakosi. Shirika la OECD na ofisi ya Umoja wa Ulaya ya haki za ubunifu walikadiria kwamba mwaka 2019 bidhaa za bandia zilifika 2.5% ya biashara ya baina ya nchi na nchi.

Tena bandia za siku hizi aghlabu zimefanywa kwa ustadi, hata wajuzi ambao kazi yao ni hiyo huhitaji kutazama mshono, ngozi, muhuri na vyuma kwa utaratibu kabla ya kutoa kauli. Basi yule bibi pale arusini angejuaje? Akiambiwa "ni wa asli" hana njia ya kuhakikisha, na akiambiwa "ni bandia" hana faida ya kupata. Swali ambalo jawabu lake halimfai mwulizaji kwa lolote si swali la kutaka kujua. Hiyo ni mizani aliyoitoa ili ampime mwenziwe mbele za watu.

Pili, tusije tukayaharimisha maswali ya haki. Mnunuzi ana haki ya kumwuliza mwuzaji kama kitu ni cha asli, na mwuzaji hana budi kusema kweli. Twajua habari ya Mtume s.a.w. alipopita sokoni akatia mkono wake katika fungu la nafaka, akakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkemea mwenye mali kwa udanganyifu ule. Sheria ya Kenya ya kuzuia bidhaa bandia, ya mwaka 2008, nayo yawakusudia wenye kuzitengeneza na kuzifanyia biashara. Lakini tazama, ndugu msomaji, mkono ule uliingia katika fungu la sokoni, mahali pa kuuziana. Mgeni mwenzio arusini hakuuzii kitu. Pilipili usiyoila yakuwashiani? Na ikiwa wataka kununua kama wake, mngoje faraghani, umwambie, "Mkoba wako umenipendeza, nami natafuta mfano wake." Hapo swali lako lina heshima, na akipenda atakueleza.

Tatu, mwenye kuulizwa afanyeje? Ajue kwamba hana deni la jawabu. Si kila aulizaye hulipwa. Ajue pia kwamba kudhulumiwa si ruhusa ya kusema uwongo. Iko hadithi ya mwanamke aliyemwuliza Mtume s.a.w. kama ana kosa akijionyesha kwa mke mwenziwe kuwa mumewe amempa asichompa, naye Mtume akamfananisha mwenye kufanya hivyo na aliyevaa nguo mbili za uwongo. Basi dada yetu aliingia na mkoba mmoja, akatoka na mzigo wa pili.

Njia ya salama i wazi. Akiulizwa na rika lake, na ajibu kwa uso mkunjufu: "Ni zawadi ya kaka yangu, sikumwuliza bei wala duka." Neno hilo ni kweli, tena limefunga mlango. Akiulizwa na mkubwa wake, na aseme, "Mama, mimi wanitosha hivi ulivyo," kisha amwulize habari za wajukuu. Na ikiwa ajua kuwa ni bandia, naye haoni taabu kusema, na aseme. Mwenye kusema kweli yake mwenyewe hapimwi tena na mtu. Ila asimrudishie mwenziwe ufedhuli, kwani hapo watu watasahau aliyeanza.

Nne, wale waliocheka nao wana fungu lao. Mwulizaji asingeuliza kwa sauti kama hakutazamia kicheko. Lau mmoja wao angesema, "Mrudishie mwenyewe mkoba wake, chakula chaja," swali lingekufa pale pale.

Sasa twarudi kwa dada yetu. Twamnasihi atubie kwa Mola wake, kisha akikutana na yule bibi amwambie kwa upole: "Siku ile nilikujibu nisilolijua. Mkoba nimepewa na kaka yangu, na zaidi ya hapo sijui." Neno hili ni zito kutamka, lakini ni jepesi kuliko kuukimbia mkoba kila arusi. Kisha autoe kabatini autumie, kwani kakake hakuuvusha bahari ili ulale gizani. Kama kitambaa chake ni cha asli au si cha asli, mapenzi yaliyouleta hakuna aliyeyatilia shaka, na hayo ndiyo aliyopewa.