Je, uchungu wa babu ni wangu?

SWALI: Babu aliwekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya kikoloni nchini Kenya, miaka ya 1950. Baba hakutusimulia kitu, ila mlango ukigongwa usiku alizima taa na kutunyamazisha. Nami sasa huwafanyia wanangu vivyo hivyo. Je, naigiza tu?
Msomaji, Nyeri

JIBU: John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, angekujibu kikavu: nafsi ya mtu hufika pale kumbukumbu yake inapoishia. Wewe huikumbuki kambi, basi ya kambini si yako. Mantiki ipo, lakini taa imesahauliwa. Baba hakukurithisha kumbukumbu. Alikurithisha namna ya kushtuka, nawe uliipata utotoni, katika mwili wako mwenyewe. Huko si kuigiza.

Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, alieleza kuwa marehemu hubaki katika Sasa, hajaingia Zamani, maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Kwa jicho hilo, kuuliza “wangu au wake” kunapungua makali. Mimi naegemea huku, ingawa mahakama na serikali hazihesabu hivyo. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wadai 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Watoto wao hawakuwemo. Locke mtupu!

Baba kama yu hai, muulize nani alikuwa akigonga. Asipotaka kusema, usimlazimishe, jaribu shangazi. Wanao nao waeleze sababu, kwa kadiri ya umri wao, maana sasa wanajua hofu bila kujua chanzo chake.