Muziki katika Michezo ya Kompyuta: Jinsi Sikio Linavyouongoza Mkono

Jumamosi moja huko Kikwe, upande wa kusini wa Mlima Meru, vijana wanne walikuwa wamekizunguka kioo cha televisheni katika kibanda ambamo watoto hulipia dakika za kucheza michezo ya kompyuta. Nyumba ya jirani ilikuwa na msiba. Kwa hiyo mwenye kibanda, kwa adabu, aliizima sauti akaacha picha peke yake. Haukupita muda mrefu vijana wakaanza kulalamika. Magari yao ya mashindano yaligonga kingo za barabara, na mmoja wao akatamka kwamba mchezo umekufa. Picha zilikuwa zile zile na vifungo vilikuwa vile vile. Ni kitu gani, basi, kilichokuwa kimeondoka?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, na kumpa msomaji njia ya kulichunguza yeye mwenyewe kwa vifaa visivyogharimu chochote.

Kazi mbili za sauti

Sauti katika mchezo hufanya kazi mbili zinazopasa kutofautishwa. Kazi ya kwanza ni kutoa habari. Injini ya gari la mchezo hulia kwa sauti nyembamba zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka. Hivyo mchezaji huupima mwendo kwa sikio, huku jicho lake likibaki kwenye kona iliyo mbele yake. Sauti ikizimwa, jicho hulazimika kufanya kazi ya viungo viwili.

Kazi ya pili ni kutoa mapigo, nayo ndiyo kazi ya muziki hasa. Jambo hili si geni kwetu. Watoto wanaporuka kamba huimba, na wimbo huo si pambo: ndio unaowapatanisha wazungushaji wawili na mrukaji. Wimbo ukiharakishwa, kamba huharakishwa, na miguu hufuata. Katika mchezo wa ukuti vilevile, duara la watoto huzunguka kwa mwendo wa wimbo wao. Waliobuni michezo ya kompyuta waliikuta kanuni hii ikiwa imekwisha kutumika viwanjani kwa vizazi vingi.

Mfano wa mwaka 1978

Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado, wa kampuni ya Taito, alitoa mchezo uitwao Space Invaders. Ndani yake viumbe 55, waliopangwa katika safu 5 za viumbe 11 kila moja, huteremka polepole kumwelekea mchezaji, naye huwapiga risasi mmoja mmoja. Muziki wake ni sauti nne nzito tu, zinazorudiwa bila kukoma.

Kompyuta ya mchezo huo ilikuwa na uwezo mdogo. Picha ilichorwa upya mara 60 kwa sekunde, na kila mara kiumbe mmoja tu alisogezwa. Hebu tufanye hesabu. Viumbe wakiwa 55, safari moja ya kuwasogeza wote huchukua 55/60 ya sekunde, yaani karibu sekunde nzima. Wakibaki 6, huchukua 6/60, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo, kadiri mchezaji anavyofaulu kuwapunguza maadui, ndivyo waliosalia wanavyokwenda mbio. Udhaifu wa mashine uligeuka kuwa utamu wa mchezo, na Nishikado aliuacha kama ulivyo. Zile sauti nne nazo huharakishwa sambamba na viumbe. Mchezaji haambiwi kwa maneno kwamba hatari imekaribia. Huisikia, na mkono wake huharakisha kabla akili haijatoa amri.

Mbinu kama hiyo ilitumiwa mwaka 1985 katika Super Mario Bros., mchezo wa kampuni ya Nintendo ambao muziki wake ulitungwa na Koji Kondo. Mashine yake ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya mawimbi ya pembetatu, moja ya kelele na moja ya sauti zilizorekodiwa. Kwa ala hizo chache Kondo alitunga mahadhi yanayokumbukwa hadi leo. Muda uliosalia unapopungua chini ya 100 katika hesabu ya mchezo, mahadhi yale yale hupigwa kwa kasi zaidi, na mchezaji huanza kukimbia.

Kiswahili katika mchezo wa kompyuta

Muziki wa mchezo si lazima uharakishe. Mwaka 2005 ulitolewa mchezo wa Civilization IV, ambamo mchezaji hujenga dola tangu zama za kale. Wimbo unaomkaribisha unaitwa Baba Yetu. Mtungaji wake ni Mmarekani Christopher Tin, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa lugha ya Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wa kwanza kati ya nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta kuipata. Waimbaji wake huongoza na kwaya huitikia, kama zifanyavyo kwaya nyingi za makanisa ya Meru. Kazi yake ni kuitayarisha nafsi: kabla hajabonyeza kifungo chochote, mchezaji hujiona anaanza jambo kubwa.

Jaribio

Funga kijiwe kwenye uzi, ukining'inize kibembee kidogo. Hiki ni chombo kiitwacho pendulamu. Uzi wa sentimeta 99 hutoa mapigo 60 kwa dakika, ukihesabu kila kijiwe kinapofika upande wowote kati ya pande mbili. Uzi wa sentimeta 56 hutoa mapigo 80, na wa sentimeta 25 hutoa mapigo 120. Pima urefu kuanzia kwenye kifundo hadi katikati ya kijiwe. Utaona kwamba ili kuzidisha mapigo mara mbili, sharti urefu upunguzwe hadi robo.

Sasa mwanafunzi mmoja acheze mdako kwa dakika moja bila sauti yoyote. Kisha arudie mara tatu, wenzake wakipiga makofi kwa kufuata kila pendulamu. Andika idadi ya kete alizodaka na alizoangusha. Je, mapigo yakiongezeka, zipi huongezeka zaidi?

Mwisho, mwambie mwanafunzi asiye na saa acheze na anyoshe mkono atakapodhani kwamba dakika tatu zimepita. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili wenzake wakiimba. Linganisha majibu yake na saa.

Faida ya kujua

Jaribio hili la mwisho ndilo linalomhusu zaidi mtoto wa kibandani. Yeye hununua dakika, na muziki unaomshika sikio ndio huo huo unaoweza kumfanya asizihesabu. Kumkataza tu hakumfundishi kitu. Afadhali ajue chombo kinachomwongoza, ili aweze kukisikiliza bila kutawaliwa nacho.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Ikiwa mtungaji wa mbali aliweza kuipeleka sala ya Kiswahili katika mchezo unaochezwa duniani kote, hakuna sababu ya nyimbo za kamba na ukuti za Kikwe kubaki uwanjani tu, au kusahaulika kabisa. Mwalimu anayezikusanya leo na kuyapima mapigo yake anamwekea akiba kijana atakayebuni mchezo kesho. Vijana wale wanne walikuwa wamekwisha kugundua nusu ya somo hili: sauti ilipozimwa, walijua mara moja kwamba wamepungukiwa. Kazi ya sayansi ni kuwaonyesha walipungukiwa na nini.