Mtufaha wa babu: nipande mbegu?

Swali: Nyumbani kwetu Lushoto kuna mtufaha aliopanda babu. Umezeeka, lakini matunda yake ni matamu mno. Nikipanda mbegu, nitapata matufaha yale yale?

Jibu: Hutayapata. Mbegu ni mtoto wa wazazi wawili: ua la mti wa babu na chavua ya mtufaha mwingine, iliyoletwa na nyuki. Mtoto anaweza kuzaa matunda machachu, tena baada ya kusubiriwa miaka mingi.

Dawa ni kubebesha, yaani kuunga kikonyo (kitawi) cha mti wa babu kwenye mche wa mtufaha mwingine. Kwa mfano, Bramley, tufaha maarufu la kupikia Uingereza, lilianzia kwenye mbegu iliyopandwa Southwell mwaka 1809. Mengine yote ya jina hilo yametokana na vikonyo.

Wakati wa baridi, macho ya matawi yakiwa yamelala, kata kikonyo cha unene wa penseli chenye macho 3 au 4. Kata mshazari, na mche nao vivyo hivyo. Utando wa kijani chini ya gome ugusane na wa mwenzake, hata kama ni upande mmoja tu. Hapa ndipo wengi huharibu. Funga kwa ukanda wa nailoni, ukaze.

Na mbegu zako usizitupe. Zioteshe kitaluni, ndizo zitakazokupa miche ya kubebeshea.